Dawa za Kichina za macho: tuwaulize Wachina wenyewe

Na VHT wa kujitolea, kanda ya Rubondo

Mimi ni mmoja wa wale wahudumu wa afya mnaotuita VHT, na kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba. Katika nyumba ninazopita nimekuta jambo ambalo napenda tulizungumze waziwazi katika jarida hili, kwa sababu linagusa macho yetu na pia mifuko yetu. Ni zile chupa ndogo za matone, na vile vidonge vya makopo, vyenye maandishi ya Kichina, vinavyouzwa siku za soko na kupitishwa milangoni. Muuzaji anasema vinasafisha macho, vinaondoa ukungu, vinamaliza mtoto wa jicho bila kupasuliwa. Ukimsikiliza zaidi atakuambia vinafaa pia kwa presha, kisukari na mgongo.

Kwanza nieleweke. Sina ugomvi na tiba ya Kichina, wala sina ugomvi na dawa za mababu zetu. Nani kati yetu hajawahi kumeza Coartem? Vile vidonge vya manjano vya malaria tunavyopewa kituoni vina dawa iitwayo artemeta, na asili yake ni mmea wa Kichina unaoitwa qinghao, ambao wengi huku tunaujua kwa jina la artemisia. Mtafiti mmoja mama, Tu Youyou wa Beijing, alisoma katika kitabu cha tiba chenye umri wa zaidi ya miaka 1,600 kwamba mmea huo ulitumika kwa wagonjwa wa homa. Mwaka 1971 alipata njia ya kutoa dawa iliyomo bila kuiharibu kwa moto, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo anayesema kwamba dawa ya asili ya Wachina haina kitu, huyo hajui amepona malaria kwa nini.

Lakini tazameni njia aliyopita mama huyo. Alijaribu kwanza kwa wanyama. Kisha yeye na wenzake wakaimeza wenyewe ili waone kama ina madhara. Kisha ikapewa wagonjwa wachache, ikapimwa, ikapimwa tena, na miaka mingi ikapita kabla haijafika mikononi mwetu. Hakuitia kwenye chupa na kuipeleka sokoni siku ya pili.

Sasa hilo ndilo swali langu kwa hizi chupa za machoni. Jina la China limetumika sana kutuuzia. Basi Wachina wenyewe, katika nchi yao, wanafanya nini na macho yao? Nimekuwa nikisoma habari hizi kwa muda, na nimeona kwamba wanavyofanya wao na tunavyouziwa sisi ni vitu viwili tofauti kabisa.

WANACHOKULA NA WANACHOKUNYWA

Katika tiba ya jadi ya China, jicho halitazamwi peke yake. Wanasema ini na macho vinakwenda pamoja, ini likiwa dhaifu macho nayo yanadhoofika. Daktari wao mmoja wa zamani sana, Sun Simiao, aliyeishi katika karne ya 7, aliwaandikia wagonjwa wasioona giza likiingia wale maini ya wanyama. Sisi leo tunajua sababu: maini yana vitamini A nyingi, na mtu akikosa vitamini A kitu cha kwanza kinachopotea ni kuona wakati wa jioni. Huyo mzee wa Kichina hakujua neno vitamini, lakini alitazama wagonjwa wake vizuri.

Tena wana vitunda vidogo vyekundu vilivyokaushwa, vinaitwa gouqi, wanavitia kwenye supu na uji. Wana chai ya maua makavu yanayoitwa juhua, ambayo mtu hunywa macho yakimchoka. Hivyo gouqi vina kitu kiitwacho zeaksanthini, ambacho kinapatikana pia ndani ya jicho, mahali pale nyuma ambapo jicho huona vitu vidogo vidogo. Ni chakula kizuri, sikatai. Ila hakuna kitunda kinachoyeyusha mtoto wa jicho, na daktari wa China hakuambii hivyo.

Sasa, ndugu zangu Wakongo na Warundi, mnahitaji kununua gouqi ya Kampala kwa bei ya dukani? Lengalenga, au dodo kama wenyeji wanavyoiita, ina lutein, ndugu yake wa karibu na zeaksanthini. Sombe inayo. Matembele yanayo. Viazi vitamu vile vya ndani vyenye rangi ya machungwa vina kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Na mawese! Mawese mekundu yasiyochomwa hadi yakawa meupe ni moja ya vyakula vyenye nguvu sana kwa macho duniani, na sisi tumezaliwa nayo. Mama zetu waliopika sombe na mawese walikuwa wanafanya jambo sahihi pasipo kufundishwa na VHT, kwa sababu mboga bila mafuta mwili haupokei vizuri ile vitamini. Ndagala nao waliwe wazima, na vichwa vyao.

Najua mtaniambia, VHT, unatuhubiria mawese wakati msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Ni kweli, na mimi nakula katika foleni ile ile. Lakini ndiyo maana inaniuma kuona mtu anayenunua lita ya mawese mara moja kwa mwezi anatoa shilingi 15,000 kwa chupa ambayo hajui ndani yake mna nini. Lengalenga inaota hata kwenye gunia mbele ya mlango. Watoto wa miezi 6 hadi miezi 59 wanapewa vitamini A bure kila miezi 6 wakati wa zoezi la afya ya mtoto, na bado katika kijiji ninachohudumia nakuta mama anaficha mtoto siku hiyo kwa sababu ya maneno aliyosikia kisimani.

MAZOEZI YA MACHO, NA WALICHOGUNDUA BAADAYE

Jambo la pili ni zuri zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu lina fundisho ndani yake. Tangu 1963, wanafunzi wa shule za China wamekuwa wakifanya mazoezi ya macho darasani. Muziki unawekwa, watoto wanafumba macho, wanakanda kwa vidole sehemu fulani kuzunguka macho: juu ya nyusi, pembeni mwa pua, kwenye paji la uso. Sehemu hizo zimetoka katika tiba yao ya jadi, ni zile ambazo waganga wao huchoma kwa sindano nyembamba. Dakika kama 5 hivi, mara mbili kwa siku. Watu wazima wengi wa China wa leo walilelewa nayo.

Je, yamewasaidia? Kupumzika yanapumzisha, hilo halina shaka. Mtu akifumba macho dakika 5 baada ya kusoma, macho yanapata nafuu. Lakini ugonjwa waliotaka kuuzuia, yaani watoto kutoona mbali, haukuzuilika. Mwaka 2018 serikali ya China ilipima watoto na vijana wake ikakuta 53.6 kwa kila 100 hawaoni mbali vizuri. Zaidi ya nusu, katika nchi ambayo imekanda macho kwa zaidi ya miaka 50!

Hapa ndipo ninapowaheshimu. Hawakusema tu kwamba ni mila yetu, tuendelee. Walitafuta kitu kingine. Katika mji wa Guangzhou watafiti walichukua shule za msingi 12. Katika shule 6, watoto waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na katika zile 6 nyingine hawakuongezewa kitu. Baada ya miaka 3, kwa watoto walioongezewa muda wa nje, kama 30 kwa kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Kwa wenzao ilikuwa karibu 40. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2015. Dawa yenyewe ilikuwa mwanga wa mchana, hakuna kingine. Na mwaka 2018 serikali yao iliagiza watoto wapunguziwe kazi za usiku na muda wa kutazama simu, watolewe nje zaidi.

Kwa hiyo mzazi wa Nakivale mwenye mtoto anayecheza mpira wa makaratasi jua likiwaka, usione anapoteza muda. Huyo anajenga macho. Wa kuhurumiwa ni yule kijana aliyejifunika blanketi usiku wa manane na simu ya tachi mbele ya pua, anatazama filamu hadi jogoo awike. Simu haimpofushi, watu wanazidisha. Lakini kutazama karibu saa nyingi kunakausha macho, kunachosha, na kwa mtoto anayekua kunachangia kutoona mbali. Kuna desturi rahisi ambayo madaktari wa macho wanafundisha siku hizi: kila dakika 20 za simu au kitabu, inua macho utazame kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, tena pepesa kope. Mita 6 ni kama kutoka mlangoni kwako hadi kwa jirani. Msalimie na jirani wakati huo huo.

Ukitaka kukanda macho kama watoto wa China, kanda. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, fumba macho, kanda mfupa kuzunguka jicho, usibonyeze jicho lenyewe. Mtu aliyepasuliwa jicho au mwenye jicho jekundu asifanye.

SINDANO YA MAO

Kuhusu mtoto wa jicho niseme kidogo zaidi, maana ndiyo hasa biashara ya wale wauzaji. Mtoto wa jicho ni ile lenzi ndani ya jicho, iliyokuwa safi kama maji, inageuka kuwa na ukungu. Iko ndani. Tone unalotia nje haliifuti, kama vile huwezi kusafisha ndani ya chupa iliyofungwa kwa kufuta nje yake.

Wachina wa kale walilijua hilo. Walikuwa na njia ya kuingiza sindano ndani ya jicho na kusukuma lenzi yenye ukungu ikaanguka chini, mwanga ukapita. Njia hiyo ilitoka India zamani sana, na hapa Afrika pia kuna nchi ambazo waganga wa kienyeji waliifanya, wengine wanaifanya hadi leo. Mwaka 1975 rais wa chama chao, Mao Zedong, ambaye alikuwa hasomi tena kwa sababu ya mtoto wa jicho, alitibiwa jicho moja kwa njia hiyo ya jadi iliyoboreshwa, na daktari anayeitwa Tang Youzhi. Tafakarini: kiongozi wa China yote, mwenye waganga wa kila aina na mitishamba ya kila mlima, alipopata mtoto wa jicho hakupewa matone. Aliingizwa chombo jichoni na daktari aliyesomea.

Leo hata njia hiyo wameiacha, kwa sababu lenzi iliyosukumwa inabaki ndani na inaweza kuleta presha ya jicho na uvimbe. Hospitali za China zinatoa lenzi mbovu na kuweka lenzi ndogo ya plastiki, sawasawa na wanavyofanya Ruharo kule Mbarara. Tena tangu 2010 madaktari wa macho kutoka China wamekuwa wakija katika nchi mbalimbali za Afrika kupasua watu mtoto wa jicho bure. Wanapokuja hawabebi katoni za chupa. Wanabeba hadubini na lenzi.

NILICHOKIONA

Kazi yetu inatukataza kutaja majina na sitataja. Kuna bibi katika eneo ninalohudumia ambaye alianza kuona ukungu. Mtu mmoja akamuuzia chupa, akamwambia atumie miezi mitatu. Miezi mitatu ikaisha, akaambiwa uchafu ndio unaanza kutoka, aongeze. Akauza mahindi, akauza kuku, mwaka ukapita. Alipofikishwa kwa daktari ilikutwa jicho moja lina mtoto wa jicho, likapasuliwa na sasa anaona hadi anahesabu nafaka. Jicho la pili lilikuwa na presha ya jicho. Presha ya jicho ni mwizi wa kimya kimya, inakula mshipa unaopeleka kuona kwenye ubongo, na kilichokwisha kuliwa hakirudi hata upasuliwe na nani. Kama angepimwa mwaka ule ule wa kwanza angepewa dawa ya kuizuia isiendelee. Mara 12 alinunua chupa ya shilingi 15,000. Pigeni hesabu wenyewe, ni 180,000. Na jicho.

Mwingine ni kijana aliyeingiwa na kipande cha ukuni wakati wa kupasua kuni. Kidonda kikaingia kwenye kioo cha mbele cha jicho. Nyumbani wakamkamulia majani, baadaye wakaongeza tone la sokoni. Tone lile lilituliza maumivu siku mbili, wakafurahi. Daktari alieleza baadaye kwamba matone mengi yanayouzwa hovyo huwa na dawa ya steroidi. Steroidi inaondoa wekundu na maumivu haraka sana, ndiyo maana watu wanaisifu, lakini inazima askari wa mwili, na kidonda chenye vijidudu kinapata nafasi ya kula jicho. Mtu akiitumia miezi mingi inaleta presha ya jicho, tena inaleta huo huo mtoto wa jicho tunaoukimbia. Kijana huyo ana jicho moja sasa.

Mara nyingi ubaya hautoki China wala kwa babu. Unatokana na kutia kitu kisichojulikana mahali pasipovumilia uchafu. Chai unakunywa, tumbo lina nguvu ya kuipokea. Jicho halina tumbo. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu, ule wazee wanauita Apolo, ulipita Dar es Salaam na Mombasa ukafika hata hapa Uganda, na watu wakatiana machoni mkojo, maziwa ya mama, maji ya chumvi, majani ya chai. Macho mekundu ya namna ile mara nyingi huisha yenyewe kwa wiki moja au mbili ukinawa na kutochangia taulo. Waliotia mkojo ndio waliohatarisha macho yao.

Na kuhusu taulo, Wachina wana funzo jingine ambalo halikuuzwa kwa chupa. Katika miaka ya 1950 trakoma, ule ugonjwa unaogeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza jicho, ulikuwa umeenea sana kwao. Ni Mchina, Tang Feifan, aliyefaulu kukamata kijidudu chake, akatangaza mwaka 1957, na mwaka uliofuata akakitia katika jicho lake mwenyewe ili kuthibitisha. Kisha nchi yao ikafundisha watu kila mmoja awe na kitambaa chake cha uso, na kunawa kwa maji yanayotiririka badala ya beseni moja la familia. Pamoja na dawa za kuua vijidudu, trakoma ikawaisha. Ndugu Warundi nawapongeza, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilitangaza Julai 2025 kwamba Burundi nayo imeshinda trakoma kama tatizo la jamii. Sasa ingia nyumba nyingi za hapa utaona taulo moja kwenye msumari kwa watu 8. Kata kanga iliyochakaa vipande 8. Weka kibuyu chirizi, yaani jerikeni yenye kamba mlangoni. Haigharimu kitu.

UPANDE WETU NAO

Nataka niseme na hili, wahariri wakilikata basi. Watu hawaendi kwa muuzaji kwa kuwa ni wajinga. Wanaenda kwa sababu anakuja hadi mlangoni, anaketi kwenye kigoda, anasema Kiswahili au Kinyabwisha, anauliza habari za watoto, anakubali kulipwa kidogo kidogo. Kuna vituo ambako mzee anafika saa 12 asubuhi, anapata namba, anafikiwa saa 8 mchana, anaambiwa dawa ya macho hakuna, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo ni hiyo hiyo. Ukimwambia mtu huyo asinunue chupa, umempa nini badala yake?

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili kwa mashirika yanayosoma ukurasa huu. Moja, VHT tupewe ile karatasi yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, na kamba ya mita 6, tufundishwe kupima nyumbani na shuleni. Mtoto anayeitwa mzito darasani mara nyingine haoni ubao tu, na miwani peke yake ingemfungua akili. Wenye simu nzuri wanaweza pia kutumia programu ya WHOeyes ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa bure mwaka 2023, lakini simu hizo ni za wachache. La pili, safari za Mbarara za wagonjwa wa macho zipangwe kwa kundi, kanda kwa kanda, na tarehe ibandikwe mapema kwenye ubao wa kila kijiji. Mtu akijua gari lipo tarehe fulani, hana haraka ya kununua chupa.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba duniani kuna watu wasiopungua bilioni 2.2 wenye tatizo la kuona, na kwa watu bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiliwa au bado halijashughulikiwa. Hao bilioni 1 ndio sisi.

Kwa sasa, wakati tunasubiri, haya ndiyo ninayowaomba. Jicho likiuma ghafla, au likapoteza kuona ghafla, au likaumia kwa ukuni, jiwe au cheche za kuchomelea, siku hiyo hiyo uende kituoni, usilale nalo. Wachomeleaji wa Base Camp, miwani ya jua siyo kinga ya kazi yenu, vaeni kofia ya kuchomelea. Pilipili, chokaa au sabuni ikiingia jichoni, mimina maji safi juu yake dakika 15 au zaidi kabla ya kwenda popote. Kitu kikiwa kimechoma ndani ya jicho usikitoe, funika kwa kikombe cha plastiki bila kubonyeza, uende. Mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe kwenye mwanga au kwenye picha, mlete hata kama analia akicheza kama kawaida. Inaweza kuwa uvimbe mbaya ambao ukiwahiwa mtoto anapona. Aliyevuka miaka 40, na hasa mwenye mzazi aliyepofuka, apimwe presha ya jicho hata kama anaona vizuri. Mama anayepikia ndani, toboa dirisha au pika nje kiangazi, moshi unawala macho wewe na mtoto mgongoni.

Na muuzaji akija, usimfukuze wala kumtukana. Mwulize maswali matatu. Ndani mna dawa gani, iandikwe kwa lugha unayoisoma. Imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa ya Uganda, ile NDA, namba yake iko wapi. Na itaisha lini. Kama ni tone la macho, hata lile la hospitali, likishafunguliwa wiki 4 zikapita ni la kutupa.

Chupa mlizo nazo nyumbani tayari, acheni kuzitumia lakini msizitupe wala msizifiche nikipita. Nionyesheni, niandike jina lililo juu yake na niipeleke kituoni wakaisome. Yenye dawa ya steroidi isikatishwe ghafla na mtu aliyeitumia miezi mingi kabla ya kuonana na mhudumu, kwa hiyo aliyetumia muda mrefu aje nayo mkononi, kesho asubuhi, tutakwenda pamoja.